Kistari Mahali pa Dini

Siku ya tatu tangu nifike Hamburg, Septemba 2014, nilipelekwa ofisi ya kuandikisha wakazi. Watu walikuwa bado wanatembea na fulana, mimi nimevaa sweta mbili. Karani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, akaniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, nilikotoka. Tanga, Tanzania. Kisha akauliza: dini?

Nikasema Mwislamu. Nilisema kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri deni, maana kabla ya safari mjomba alikuwa amenijaza maneno: huko Ulaya ukiulizwa dini, chunga ulimi. Yule mama hakuinua hata macho. Akabonyeza kompyuta, printa ikalia, na kwenye karatasi niliyopewa, mahali pa dini, pakawa na kistari. Hawakuandika Uislamu, hawakuandika kitu kingine chochote. Kistari tu.

Usiku nikampigia mama simu nikamwambia, "Mama, wamenifuta." Mama akauliza kama nimekula.

Maana ya kile kistari niliijua mwaka mmoja baadaye, nilipoanza mafunzo ya uuguzi wa wazee na kupata karatasi yangu ya kwanza ya mshahara. Mwenzangu wa zamu alikuwa anaguna juu ya yake: amekatwa kodi ya kanisa. Kumbe Ujerumani, nchi ambayo katiba yake inasema wazi kwamba hakuna kanisa la dola, serikali hiyohiyo ndiyo inayoyakusanyia makanisa fedha kupitia mishahara. Hapa Hamburg ni asilimia 9 ya kodi ya mapato unayolipa. Kwa hiyo karani hakuwa ananiuliza naamini nini. Alitaka kujua tu kama kuna wa kumkatia. Uislamu haukatiwi kitu, ndiyo maana ya kistari. Mwenzangu akaniambia, "Una bahati, hukatwi." Miezi michache baadaye akaenda kujiandikisha kutoka kanisani, akarudi anacheka na kistari chake. Sasa tukawa sawa, yeye asiye na dini na mimi ninayesali mara tano.

Naanza na kistari kwa sababu watu wa nyumbani wakiniuliza, "Huko Waislamu mnaishije?", wanataka jibu moja: ama tunateswa, ama tunapeta. Nimeishi hapa zaidi ya miaka kumi na sina jibu la namna hiyo.

Tuchukue suala la ushungi. Nyumba ya kwanza ya wazee niliyoomba nafasi ilikuwa ya kanisa. Sitaitaja. Mama aliyenihoji alikuwa mpole kupita kiasi, alinipa chai na keki ya tufaha, akasifu Kijerumani changu ambacho hakikuwa na la kusifiwa. Mwishoni akanyoosha kidole kidogo kuelekea kichwani kwangu, kama anayeonyesha nzi aliyetua, akasema, "Ila hicho, kazini, hapana. Sisi ni nyumba ya kanisa." Sheria ilikuwa upande wake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ilikuwa imeshasema kwamba taasisi ya kanisa inaweza kumkatalia muuguzi ushungi. Nikashukuru kwa chai, nikatoka.

Kwenye treni nililia kwa hasira. Nilipomaliza kulia likanijia jambo ambalo sikulitaka. Tanga nilisoma shule ya Kiislamu, nayo jina naliacha. Darasani tulikuwa na msichana wa Kikristo kutoka Lushoto, baba yake alimleta kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwa shangazi yake. Sare ilikuwa na ushungi, na ushungi ulikuwa kwa wote. Kila asubuhi alikuwa anaufunga getini, vibaya, umekaa upande, nasi tukimcheka na kumfungia vizuri kwa pini, tukiona tunamfanyia wema. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anajisikiaje. Mimi nimeambiwa vua, yeye aliambiwa vaa. Na mimi angalau nilipewa keki.

Nyumba ya pili ilinichukua. Masharti yao yalikuwa ya usafi tu: ushungi uwe mfupi, ufuliwe nyuzi 60 kama sare nyingine, na mikono iwe wazi kuanzia kiwiko kwenda chini. Hilo la mikono ndilo lililonisumbua zaidi ya mambo yote ya Ulaya, na hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kuniuliza habari zake. Wote wanauliza kichwa. Nilimpigia simu mwalimu wangu wa chuo cha Qurani nyumbani, akakaa kimya, akasema, "Unaosha wazee wa watu?" Nikasema ndiyo. "Basi kunja mikono ukaoshe."

Kwenye wodi yangu alikuwapo bibi mmoja wa miaka tisini na kitu. Asubuhi ya kwanza nilipoingia na beseni akageukia ukuta. "Si huyu wa kitambaa." Mkuu wetu wa zamu, mwanamke wa Hamburg asiyeamini Mungu wala shetani, akaja akasimama mlangoni, akamwambia bila kupandisha sauti: katika nyumba hii hatuchagui mikono, ama huyu sasa, ama ungoje mpaka saa nne. Bibi akangoja mpaka saa nne. Kesho yake vilevile. Siku ya nne akaninyooshea mguu nimvue soksi, hajasema kitu.

Nilimwosha karibu miaka miwili. Juu ya kabati yake palikuwa na picha ya zamani, wasichana wanne kwenye shamba la viazi kwao Prussia Mashariki, kabla hawajakimbia vita mwaka 1945. Wote wanne wamefunga vitambaa, vimekazwa chini ya kidevu, nywele hazionekani hata unywele. Siku moja nikajikakamua nikamwonyesha picha, kisha nikajionyesha kichwa changu. Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Kile kilikuwa cha vumbi," akasema. Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Naye hakucheka. Hatukuwa marafiki, na nadhani hakuwahi kulijua jina langu sawasawa.

Kiswahili kinasema uvumilivu wa kidini, na neno hilo sijawahi kulipenda. Tunavumilia njaa, tunavumilia jino, tunavumilia mgonjwa anayepiga kelele usiku. Yule bibi alinivumilia kama anavyovumilia Januari. Kule Pwani kuna neno zuri zaidi, kustahamiliana, kwa sababu lile -ana la mwisho linawataka wawili. Lakini niseme haki: asubuhi ile ya kwanza kilichonifaa hakikuwa upendo wa mtu yeyote. Kilikuwa kanuni ya nyumba, na mtu aliyesimama mlangoni kuisimamia.

Kanuni nazo hugeuka. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema huwezi kuwapiga marufuku walimu wote wenye ushungi kwa jumla jumla, mpaka ionekane kuna hatari ya kweli kwa utulivu wa shule. Tukashangilia. Julai 2021 ikaja hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, na moja ya kesi zake ilitoka hapahapa Hamburg, ya mlezi wa watoto wa chekechea aliyekatazwa ushungi kazini. Majaji wakasema mwajiri anaweza kukataza alama zote za imani zinazoonekana, ilimradi athibitishe kwamba ana haja ya kweli na awabane wote sawa. Akikataza alama kubwakubwa tu, hapo amebagua, maana kikubwa ni ushungi wetu na kidogo ni msalaba wa shingoni. Mkuu wetu wa zamu aliniletea gazeti lenye habari hiyo, amelikunja kwenye ukurasa wenyewe. "Hapa kwetu haibadilishi kitu," akasema, akaenda kuvuta sigara. Nikamwamini. Lakini tangu siku ile najua kwamba hali yangu inategemea mwenye nyumba ameamua nini.

Sikukuu ni habari nyingine, nayo inachekesha. Novemba 2012 jiji la Hamburg lilitia saini mkataba na jumuiya za Kiislamu na ya Waalevi (Alevi, watu wa imani yenye asili ya Uturuki), na humo sikukuu zetu zikatambuliwa: mfanyakazi anaweza kuomba Idi asiende kazini, ila saa zake azifidie. Jambo kubwa. Tatizo ni kwamba ratiba ya zamu inatoka wiki sita kabla, na sisi Waswahili hatujui Idi ni lini mpaka usiku wake.

"Basi ni Jumanne au Jumatano?" mkuu wa zamu aliniuliza mwaka wa kwanza.

"Inategemea mwezi."

"Mwezi unajulikana. Upo kwenye kalenda."

Nitamweleza nini? Kwenye kundi letu la WhatsApp wenzangu walikuwa wameshapasuka makundi matatu: wa kufuata Saudia, wa kungoja tangazo la Mufti Dar es Salaam, na wa hesabu kama Waturuki, ambao hapa Ujerumani ndio wengi na wanajua tarehe mwaka mzima kabla. Nikaomba Jumanne. Idi ikawa Jumanne kwa Waturuki na Jumatano kwa mama yangu. Nilikula pilau kwenye ukumbi wa kukodi huku mama akinipigia simu amefunga, ananiuliza ninatafuna nini.

Kuhusu misikiti, nilipofika tulisali kwenye gereji. Sifanyi mzaha. Msikiti wa Al-Nour mtaa wa St. Georg ulikuwa chini ya ardhi, mahali pa kuegeshea magari, dari fupi, mabomba yanapita juu ya kichwa, na Ijumaa watu wakifurika. Jumuiya hiyo ilinunua kanisa linaloitwa Kapernaum kule mtaa wa Horn, la mwaka 1961, ambalo Walutheri walikuwa wameliacha tangu 2002 na lilikuwa limekaa bure linaoza. Kelele zilipigwa: kanisa kuwa msikiti! Hata wasiokanyaga kanisani tangu ubatizo waliumia. Mwaka 2018 likafunguliwa. Mnara umebaki, vioo vya rangi vimebaki, na juu, palipokuwa msalaba, pana neno Allah kwa Kiarabu la rangi ya dhahabu. Nilipoingia mara ya kwanza sikujua nifurahi vipi. Mtu amebatizwa humu, mtu amefunga ndoa humu. Nje sijawahi kusikia adhana, na sidhani kama majirani wangelala vizuri siku ya kwanza.

Usiseme Ulaya, sema nchi gani. Binamu yangu ameolewa Marseille na Mngazija. Ufaransa ilitenga dini na dola kwa sheria ya 1905, na sheria hiyohiyo kwenye kifungu cha kwanza inalinda uhuru wa kuabudu. Lakini tangu 2004 mwanafunzi wa shule ya serikali haruhusiwi kuvaa alama ya dini inayojionyesha, na binti yake binamu huvua mtandio getini kila asubuhi, anaukunja mara nne anautia kwenye mfuko wa penseli. Mwaka 2023 serikali ikaongeza abaya, na Baraza la Dola, mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, likakataa kuisimamisha marufuku hiyo. Wiki ile binti alirudishwa nyumbani kwa gauni refu la maua lililonunuliwa dukani pa kawaida, ambalo hata mimi nisingeliita abaya. Mama yake akamuuliza mwalimu, lingevaliwa na mtoto mwenye jina la Kifaransa lingekuwa nini? Hakujibiwa. Ufaransa dola haitaki kuiona dini yako, na ili isiione, wewe ndiye unayejificha. Huku kwetu Ujerumani inaiona, inaiwekea mkataba, inaiwekea fomu, na mara nyingine inaiwekea kufuli.

La kufuli lilitokea 24 Julai 2024. Msikiti wa Imam Ali, ule wa buluu kando ya ziwa la Alster, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kiajemi miaka ya sitini, ulifungwa na polisi alfajiri. Serikali ilisema jumuiya iliyouendesha ni mkono wa watawala wa Iran na inaiunga mkono Hizbullah. Hayo ya siasa siyatetei. Ila nina rafiki, Khoja Ithnaashari wa Dar es Salaam, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, ambaye humo ndimo alimosomea hitima ya baba yake. Waziri alisema hatua hii haipigi dini wala madhehebu ya Shia. Rafiki yangu akaniambia, "Sawa, haipigi. Sasa Muharram tunakaa wapi?" Kwa miezi watu walikuwa wakija Ijumaa kusali nje, barabarani, kwenye baridi, polisi wamesimama pembeni. Msikiti wetu wa Kisunni uko umbali mfupi tu, na sikumbuki tangazo lililotolewa pale kwamba njooni, nafasi ipo. Hilo siwezi kuwasingizia Wajerumani.

Mzee wetu alifariki Novemba mwaka huohuo. Tulimwita Mzee tu. Mzaliwa wa Unguja, baharia, aliyeshuka melini bandari ya Hamburg miaka ya sabini na hakupanda tena. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba halafu anakuuliza umevaa soksi ngapi. Jumapili moja moja alikuwa anapanda treni kwenda makaburi ya Ohlsdorf kumsalimia Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyetoroka Unguja na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa Aden mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete. Alikufa 1924, na alizikwa na mchanga wa Unguja aliokuwa akiutunza. Nilimuuliza Mzee kama anamsomea Fatiha mtu aliyeritadi. Akanitazama kama niliyetukana. "Mwanangu, alirudi kwao 1885, ndugu yake Barghash hakutaka hata kumwona uso. Na mimi nimnunie?"

Alifariki Jumanne usiku. Karatasi nilizishughulikia mimi kwa sababu Kijerumani changu ndicho kilichonyooka. Kwetu mtu akifa usiku, adhuhuri amezikwa. Hapa sheria inataka saa 48 zipite. Sanda inaruhusiwa Hamburg, bila sanduku, na kuna makaburi ya Öjendorf yenye sehemu yetu. Ilibidi niwaeleze vijana kwenye kundi mara tatu: sanduku ni la kubebea mpaka kaburini, kama jeneza letu, kisha anatolewa anashushwa kwa sanda, sanduku linarudi. Maana mmoja alishaanza kusema Mzee anazikwa kizungu.

Shida ikawa saa. Saa 48 zilitupeleka Alhamisi usiku, Ijumaa asubuhi ilikuwa mapema kwetu kwa sababu tulitaka asaliwe baada ya sala ya Ijumaa, na Ijumaa watu wa makaburi hufunga kazi mapema. Nilikaa mbele ya karani, kijana mwenye hereni na kalenda ya mbwa ukutani. Akapiga simu makaburini. Akangoja. Akapiga tena sehemu nyingine, akaongea haraka kile Kijerumani cha wao kwa wao, akaweka mkono kwenye simu akaniuliza, "Saa nane mchana, mkichelewa hamfiki saa nane na nusu?" Nikasema hatufiki, huku namjua kila mtu kwenye kundi letu. Akaandika. Nikaanza kumwambia kwamba kaburi lielekezwe...

"Kusini-mashariki," akasema kabla sijamaliza. "Najua."

Kwetu Tanga kibla ni kaskazini, hata mabaharia wa zamani wakisema kibla wanakusudia kaskazini. Wiki zangu za kwanza Hamburg nilisali naelekea Denmark kwa mazoea. Mzee ndiye aliyenigeuza kwa mabega, sebuleni kwake, akasema huku ukisimama sawasawa unaelekea Makka na nyumbani kwa mpigo mmoja.

Tulichelewa dakika 20. Kaburi lilikuwa limechimbwa na mashine, kingo zimenyooka kama sanduku la kiberiti, hakuna mwanandani, pamepangwa mbao. Mimi nilisimama mbali njiani kama inavyotakiwa mwanamke wa Pwani, mvua inanyesha, nikaona vijana wanavyopokezana koleo. Wafanyakazi wawili wa makaburi walikuwa wamekaa kwenye gari lao dogo, wamezima injini, mmoja amevua kofia.

Kaburi ni la miaka 25, baada ya hapo linalipiwa tena. Kwenye kundi ukazuka mjadala: kwa hiyo Mzee ni mpangaji? Bibi mmoja wa Mombasa akaandika kwa herufi kubwa: KWANI LA BABU YAKO UNALIJUA LILIPO? Mchango ukatimia siku mbili. Karatasi ya kaburi ninayo mimi, kwenye faili moja na ile ya kistari. Mwaka 2049 nitakuwa na miaka 59, kwa sheria za huku bado nipo kazini, na nimeshaandika kwenye simu nikumbushwe Oktoba, mwezi mmoja kabla.